Hifadhi ya diski yenye vidhibiti viwili: inavyofanya kazi na inavyopaswa kupangwa

Taasisi inayoanza na seva moja huweka data zake kwenye diski zilizomo ndani ya seva hiyo, na kwa muda mambo huenda vizuri. Seva zikiwa mbili au tatu, na hasa zikianza kubeba mashine pepe zinazopaswa kuhamishika kutoka seva moja kwenda nyingine, diski hizo za ndani hazitoshelezi tena, kwa sababu seva ikizimika data zake huzimika nayo. Ndipo hununuliwa kasha la diski la pamoja, ambalo mara nyingi hukalia yuniti mbili za raki na kubeba diski 12 kubwa au 24 ndogo kwa mbele, huku nyuma kukiwa na vidhibiti viwili na pawasaplai mbili. HPE MSA na Dell PowerVault ME ni mifano miwili inayojulikana ya ukoo huu, na wanaoijua mmoja hawapotei sana wakikutana na mwingine.

Mnunuzi akiona kwenye karatasi ya bei kwamba vidhibiti ni viwili, huamini kwamba usalama umekwisha kulipiwa. Kwa maoni yangu, alicholipia ni uwezekano wa usalama. Kidhibiti cha pili hakimsaidii mtu mpaka kila njia kati ya seva na diski iwe na mwenzake aliyetengana naye kweli, mpaka nusu moja ya mfumo iweze kubeba mzigo wote peke yake, na mpaka seva zenyewe ziambiwe kwamba njia ziko nyingi lakini diski ni ile ile. Skrini za usanidi hutofautiana kwa kila mtengenezaji na hubadilika kila toleo. Mantiki iliyo nyuma yake haibadiliki, na hiyo ndiyo inayofafanuliwa hapa. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye seva mbili za Linux, swichi mbili, na kasha moja lenye diski 12 za TB 8 kila moja, linalofikiwa kwa itifaki ya iSCSI, inayopitisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida.

Ndani ya kasha

Kidhibiti ni kompyuta kamili iliyobanwa kwenye sinia: kina prosesa yake, kumbukumbu yake, programu dhibiti yake, poti za kuelekea kwenye seva na poti ya usimamizi. Kazi yake ni kuzikusanya diski katika makundi ya RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili moja ikifa data isipotee, kuyakata makundi hayo katika vipande ambavyo seva huviona kama diski za kawaida, yaani LUN, na kuhudumia maombi ya kusoma na kuandika. RAID yenyewe ni wazo lililowekwa wazi mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na lilikusudiwa kukabili kifo cha diski. Kifo cha kompyuta inayozisimamia diski hizo ni jambo jingine. Kundi la RAID lenye afya kamili halimfai mtumiaji ikiwa kidhibiti pekee kinachojua kulisoma kimeungua, na hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa cha pili.

Ili cha pili kiwe na maana, kila diski lazima ifikiwe na vyote viwili. Diski za SAS, aina inayotumika kwenye seva, zina poti mbili kwenye kiunganishi kimoja, na kupitia ubao wa kati wa kasha poti moja huelekea kidhibiti A na nyingine kidhibiti B. Diski ya SATA, aina ya kompyuta za kawaida, ina poti moja tu, kwa hiyo bila kifaa cha ziada cha kuigawa njia hiyo haiwezi kuwatumikia mabwana wawili. Ndiyo maana makasha haya hutumia diski zinazoitwa NL-SAS, ambazo kwa mitambo ya ndani hazitofautiani sana na diski za SATA za mizunguko 7,200 kwa dakika, ila zina uso wa SAS wenye poti zote mbili. Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa kuchomeka diski za kompyuta za mezani. Makasha mengi huzikataa, na kukataa huko ni hisani kwa mwenye data.

Sehemu inayohitaji kueleweka vizuri zaidi ni kache, yaani kumbukumbu ya muda ya kidhibiti. Seva inapoandika, kidhibiti hakisubiri mpaka data ifike kwenye sahani za diski, kwa sababu huko ni mbali na ni polepole. Huiweka data kwenye kumbukumbu yake, hutuma nakala kwa mwenzake kupitia kiungo kilichomo ndani ya kasha, na baada ya nakala kupokelewa ndipo huijibu seva kwamba kazi imekamilika. Kuanzia dakika hiyo kuna ahadi iliyotolewa ambayo bado haijatekelezwa kwenye diski, lakini imeandikwa mahali pawili. Kidhibiti A kikifa ghafla, B anazo data zote ambazo A alikwisha kuziahidi, na anaweza kuzimalizia mwenyewe. Umeme wote ukikatika, betri au kapasita kubwa iliyomo ndani ya kila kidhibiti hutoa nishati ya kutosha kuihamisha kache kwenye kumbukumbu ya flashi, ambako inaweza kukaa bila umeme mpaka utakaporudi.

Maelezo hayo yanafunua jambo ambalo watu hulisahau: kidhibiti kimoja kikiondoka, nakala ya pili ya kache nayo imeondoka. Aliyebaki ana machaguo mawili. Anaweza kuendelea kujibu mapema kama zamani, na hapo data iliyo njiani inategemea kidhibiti kimoja tu, au anaweza kuanza kuandika moja kwa moja kwenye diski kabla ya kujibu, jambo ambalo ni salama lakini hupunguza kasi kwa kiasi kinachoonekana na kila karani aliyeko dirishani. Makasha mengi humwachia msimamizi achague, na chaguo hilo hujificha kwenye ukurasa wa mipangilio ya kache ambao wachache huufungua. Kwa chama cha akiba na mikopo, ambako muamala uliothibitishwa ukipotea huzaa ugomvi na mwanachama mwenye risiti mkononi, ningechagua kuandika moja kwa moja bila kusita, na kuuvumilia upole huo kwa siku chache mpaka kidhibiti kipya kifike.

Nani anaimiliki LUN

Vidhibiti vikiwa viwili, swali linalofuata ni kama vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Katika baadhi ya mifumo ya zamani kimoja kilifanya kazi na cha pili kilikaa macho tu. Katika mifumo ya bei kubwa, LUN yoyote huhudumiwa na kidhibiti chochote kwa kasi sawa. Makasha ya ukubwa wa kati, ambayo ndiyo tunayoyazungumzia, yako katikati: vidhibiti vyote viwili hufanya kazi, lakini kila kundi la diski, na kila LUN iliyokatwa ndani yake, lina mmiliki mmoja. Ombi likifika kwa mmiliki huhudumiwa papo hapo. Likifika kwa yule mwingine hukubaliwa pia, ila hulazimika kuvuka kiungo cha ndani kwenda kwa mwenyewe na kurudi. Utaratibu wa kuiambia seva ipi ni njia fupi na ipi ni ya kuzunguka umo katika viwango vya SCSI, yaani lugha ya amri za diski, na huitwa ALUA; kupitia huo, kila kundi la poti hujitangaza kuwa ni bora, si bora, liko akiba, au liko katika makabidhiano.

Kutokana na hilo huzuka hamu ya kugawa diski nusu kwa nusu ili vidhibiti vyote vipate kazi. Kwa diski 12 hesabu inasema hivi. Makundi mawili ya RAID 6, mpango unaotenga nafasi ya diski mbili ili kundi livumilie kufa kwa diski mbili, yenye diski sita kila moja hutoa diski nne za data kwa kila kundi, jumla TB 64, na hakuna diski ya akiba hata moja. Kundi moja la RAID 6 lenye diski 11, pamoja na diski moja ya akiba, hutoa diski tisa za data, yaani TB 72. Mgawanyo wa kwanza unatumia prosesa zote mbili lakini unapoteza TB 8 na akiba pia. Wa pili unakiacha kidhibiti B bila umiliki wowote mpaka siku ya shida. Kwa diski za kuzunguka ningechukua kundi moja, kwa sababu diski 11 za namna hiyo hazina kasi ya kukichosha kidhibiti kimoja. Zingekuwa SSD 24, yaani diski za flashi zisizozunguka, jibu lingekuwa kinyume chake.

Kwa mfumo wenye makundi mawili kuna kanuni inayovunjwa kila siku bila mtu kujua. Kama A anafanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake na B vivyo hivyo, skrini zote zitaonyesha rangi ya kijani, na kila mtu ataridhika. A akifa, B ataombwa afanye asilimia 140. Makabidhiano yatafanyika kama yalivyoandikwa kwenye kijitabu, LUN zote zitahamia kwa B, na kisha mfumo mzima utapwaya hadi programu zianze kukata tamaa kwa kusubiri. Mwenye vidhibiti viwili, kwa hiyo, ana uwezo wa kidhibiti kimoja wa kuutumia kwa uhakika. Kinachozidi hapo ni cha kukopa, na takwimu za matumizi zinapaswa kusomwa kwa kujumlisha vidhibiti vyote viwili, si kwa kuangalia kila kimoja peke yake.

Kwa nini RAID 6

Diski ya TB 8 ikifa, diski ya akiba huchukua nafasi yake na kujengwa upya kwa kusoma diski zote zilizobaki. Hata kama kasi ya kuandika ni MB 200 kwa sekunde bila kukatizwa, TB 8 zinahitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11. Kwenye mfumo unaohudumia watumiaji wakati huo huo, muda huo unaweza kuongezeka mara kadhaa. Katika RAID 5, ambayo hutenga nafasi ya diski moja tu, kipindi chote hicho hakuna ulinzi wowote: diski ya pili ikifa, kundi zima limepotea.

Hata ikiwa hakuna diski nyingine inayokufa, bado kuna hatari ya kipande kisichosomeka. Watengenezaji wa diski za NL-SAS kwa kawaida huahidi kosa lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 1,000 zinazosomwa. Kundi la RAID 5 la diski 12 likipoteza moja, ujenzi unalazimika kusoma TB 88 kutoka kwenye diski 11 zilizobaki, na hizo ni biti trilioni 704, zaidi ya theluthi mbili ya kiasi hicho kwa kazi moja tu. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi ya kwenye karatasi, lakini kuweka vitabu vya wanachama juu ya matumaini hayo si busara, hasa ikiwa kinachookolewa ni diski moja.

RAID 6 ina bei yake upande wa kasi. Andiko dogo la nasibu hugharimu shughuli sita za diski, dhidi ya nne za RAID 5 na mbili za RAID 10, ambayo huandika kila data kwenye diski mbili. Diski ya mizunguko 7,200 hufanya takriban shughuli 80 za nasibu kwa sekunde. Diski 11 hufanya 880. Ukigawa kwa sita unabaki na maandiko yasiyofika 150 kwa sekunde baada ya kache kujaa. Kwa mafaili, picha za nyaraka na mashine pepe tulivu hiyo inatosha. Kwa hifadhidata yenye shughuli nyingi haitoshi, na dawa yake ni SSD chache katika kundi lake la peke yake badala ya kuongeza diski za kuzunguka.

Kebo, swichi na umeme

Poti ya usimamizi ya kila kidhibiti hupewa anwani yake. Katika familia ya MSA na ME anwani za kiwandani zimekuwa 10.0.0.2 kwa A na 10.0.0.3 kwa B, nazo zinapaswa kubadilishwa zote mbili, kwa kuwa wapo wanaosanidi ya A pekee na kujikuta hawana pa kuingilia siku A anapozimika.

Poti za data ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kwa mfano wetu tutengeneze mitandao miwili isiyokutana: 192.168.10.0/24 juu ya swichi ya kwanza na 192.168.20.0/24 juu ya swichi ya pili. Kidhibiti A kinapewa 192.168.10.11 kwenye poti yake ya kwanza na 192.168.20.11 kwenye ya pili. Kidhibiti B kinapewa 192.168.10.12 na 192.168.20.12. Kila seva nayo ina kadi mbili za mtandao, moja kwa kila mtandao. Matokeo yake kila seva ina njia nne za kufika kwenye kila LUN, mbili kupitia A na mbili kupitia B, na hakuna swichi, kadi, kebo wala kidhibiti ambacho kikifa peke yake kinazikata zote. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuzipeleka poti zote za A kwenye swichi ya kwanza na zote za B kwenye swichi ya pili, kwa kuwa kebo hupangika vizuri zaidi machoni. Swichi ya kwanza ikizimika, A yuko hai lakini hafikiki, na mfumo unalazimika kuhamishia kazi yote kwa B au kuipitisha kwenye njia ya kuzunguka, kwa tatizo ambalo halikuhusu vidhibiti hata kidogo.

Vyombo viwili vya kuvukia Kigamboni vikitegemea gati moja, siku gati likivunjika hakuna anayevuka. Ndivyo ilivyo kwa swichi mbili zinazochota umeme kwenye kamba moja ya upanuzi. Pawasaplai ya kushoto ya kasha iunganishwe kwenye UPS ya kwanza na ya kulia kwenye UPS ya pili, swichi ya kwanza na ya pili zifuate mgawanyo huo huo, na UPS hizo zisilishwe na kikata umeme kimoja. Kule kwetu umeme ni sehemu ya usanidi, na akiba isiyojaribiwa ni ya kutiliwa shaka: usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika Kenya nzima, baadhi ya majengo ya abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta yalibaki gizani kwa sababu jenereta lililotegemewa halikuwaka.

Mambo mawili ya kumalizia upande wa kebo. Fremu kubwa, yaani vifurushi vya data vya mtandao, za baiti 9,000 ziwashwe kila mahali, kuanzia kadi ya seva, swichi hadi poti ya kidhibiti, au zisiwashwe popote, kwani kiungo kimoja kikibaki na 1,500 huleta tatizo la ajabu ambapo seva inaunganishwa vizuri na kuziona LUN lakini hukwama mara data nyingi zinapoanza kupita. Na pale makasha ya nyongeza yanapounganishwa, kidhibiti A kiyafuate kuanzia la kwanza kwenda la mwisho na B kuanzia la mwisho kurudi la kwanza. Wote wawili wakianzia upande mmoja, kasha la katikati likizimika yaliyo nyuma yake hutoweka kwa vidhibiti vyote.

Seva inaona nini

Baada ya kuunganisha, LUN hutangazwa kwa seva husika kupitia poti za vidhibiti vyote viwili. Kuna wanaoitangaza kupitia poti za mmiliki tu, wakidhani wanaepuka njia ndefu. Mmiliki akifa LUN huhamia kwa mwenzake kama ilivyotarajiwa, ila seva haina ruhusa ya kuiona huko.

Seva ya Linux ikiingia kwenye njia zote nne bila programu ya njia nyingi, itaona diski nne: sdb, sdc, sdd na sde, zote za ukubwa mmoja. Mfumo hauna njia ya kubahatisha kwamba ni kitu kimoja, na msimamizi mgeni anaweza kufurahi kwamba amepata mara nne ya alichoomba, akaanza kuweka mfumo wa mafaili kwenye sdb na mwingine kwenye sdc, kumbe wa pili unafuta wa kwanza. Programu ya multipathd huzisoma namba za utambulisho za diski hizo, hugundua kwamba zinalingana, na hutengeneza kifaa kimoja juu yake, kwa mfano mpatha. Kuanzia hapo kila kitu kielekezwe kwenye mpatha, ikiwa ni pamoja na LVM, programu ya Linux ya kugawa nafasi ya diski, ambayo inapaswa kuchujwa isizitambue tena zile diski nne za chini.

Amri ya `multipath -ll` ndiyo kioo cha mfumo wote, na ni vizuri kuizoea. Kwa kasha la ALUA lililopangwa sawasawa, chini ya kila LUN huonekana makundi mawili ya njia: la kwanza lina `prio=50` na `status=active`, ndani yake kuna njia mbili za kwenda kwa mmiliki; la pili lina `prio=10` na `status=enabled`, nalo lina njia mbili za kwenda kwa mwenzake. Ukiona njia zote nne ndani ya kundi moja, ujue ALUA haisomwi na nusu ya maombi inapita njia ndefu bila sababu. Ukiona njia mbili badala ya nne, kuna kebo, anwani au tangazo la LUN lililokosewa, na mfumo utaendelea kufanya kazi vizuri kabisa huku ukiwa umepoteza ulinzi wake. Hali hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna mtumiaji atakayelalamika.

Muda wa kusubiri nao unahitaji kufikiriwa. iSCSI ya Linux huja ikiwa imepangwa kusubiri sekunde 120 kikao kilichokatika kirudi kabla ya kukiri kwamba njia imekufa. Mpango huo unafaa kwa seva yenye njia moja, maana haina pengine pa kwenda. Kwa seva yenye njia nne ni kuikawiza bure, na thamani ya `replacement_timeout` hushushwa hadi sekunde chache ili ombi lihamishwe mapema kwenye njia nyingine. Kinyume chake, njia zote zikikatika kwa pamoja, kama inavyoweza kutokea kwa muda mfupi wakati wa makabidhiano, seva inapaswa kuwa na subira kidogo. Mpangilio wa `no_path_retry` ndio unaoamua: ukiandikwa `fail`, kosa hurudishwa mara moja na mfumo wa mafaili unaweza kujifunga usiandikike, ukiandikwa `queue`, maombi husubiri bila kikomo na programu huganda hata pale ambapo hakuna kitakachorudi. Thamani ya 12, pamoja na ukaguzi wa kila sekunde tano, hutoa subira ya dakika moja, na kwa makasha mengi hiyo inatosha. Watengenezaji huchapisha mipangilio wanayoipendekeza kwa kila toleo la mfumo endeshi, na hiyo ndiyo ya kuanzia.

Kuna onyo moja lisilohusiana na njia lakini huambatana na hifadhi ya pamoja. Kasha linaweza kuitangaza LUN moja kwa seva zote mbili, lakini ext4 na XFS, mifumo ya mafaili ya kawaida ya Linux, hazikuundwa kufunguliwa na seva mbili kwa wakati mmoja, na zikifunguliwa hivyo huharibika. Kwa matumizi ya pamoja unahitajika mfumo wa mafaili unaojua kushirikiana, kama VMFS ya VMware au GFS2, au programu ya klasta inayohakikisha kwamba seva moja tu ndiyo imeishika LUN.

Kuuvunja mfumo kabla haujavunjika

Majaribio hufanywa kabla data halisi haijaingia. Anzisha programu inayoandika mfululizo kwenye mpatha na kuandika muda wa kila hatua, halafu anza kuondoa vitu kimoja kimoja: kebo moja ya seva, kisha swichi nzima, kisha diski moja, kisha waya wa umeme wa pawasaplai moja, na mwisho kidhibiti chenye umiliki, kwanza kwa kukizima kupitia ukurasa wa usimamizi na baadaye kwa kukichomoa. Kukwama kwa uandishi kwa sekunde kadhaa wakati wa makabidhiano ni kawaida. Kosa likirudi kwenye programu, au mfumo wa mafaili ukijifunga, kuna kitu hakijapangwa, na `multipath -ll` pamoja na kumbukumbu za matukio za kidhibiti kilichobaki vitaonyesha ni kipi.

Kila jaribio lina nusu ya pili ambayo huachwa kwa sababu watu wamekwisha kufurahi: kurudisha. Kidhibiti kilichorudi kinapaswa kupokea tena umiliki wake, njia zake zirudi kwenye kundi la kipaumbele cha 50, na kache ianze tena kunakiliwa pande zote mbili. Subiri mpaka hali hiyo ithibitike kabla ya kugusa kitu kingine. Anayekiondoa B wakati A bado hajamaliza kuwaka amezima mfumo mzima kwa mkono wake.

Mantiki hiyo hiyo hutumika wakati wa kusasisha programu dhibiti, kwani kasha husasisha kidhibiti kimoja, hukiwasha upya, kisha huhamia cha pili, na kwa muda huo kila seva inaishi kwa nusu ya njia zake. Seva iliyokuwa na njia mbili badala ya nne bila mtu kujua hugundulika hapo, kwa ubaya. Kwa hiyo ukaguzi wa njia kwenye kila seva hutangulia usasishaji, hata kama ulifanywa mwezi uliopita.

Pamoja na yote hayo, vidhibiti viwili vinakaa ndani ya kasha moja, juu ya ubao wa kati mmoja, vikiendesha programu dhibiti moja yenye kasoro zile zile. Faili likifutwa kwa makosa hufutwa kwa uaminifu mkubwa na vidhibiti vyote viwili, na kirusi kinachofunga mafaili ili kudai fidia hakijali RAID ya aina gani imetumika. Nakala ya data hukaa kwenye mashine nyingine, katika jengo jingine inapowezekana, na bajeti ya nakala hiyo isikatwe kwa hoja kwamba kasha jipya lina kila kitu viwili viwili.

Usanidi hukamilika kwa arifa. Kasha lenye diski ya akiba huendelea kufanya kazi baada ya diski kufa, na taa ya rangi ya chungwa katika chumba kilichofungwa haionwi na mtu, kwa hiyo anwani ya seva ya barua pepe iwekwe kwenye mipangilio ya vidhibiti, barua ya majaribio itumwe, na ithibitishwe kwamba imefika na haikuishia kwenye barua taka. Anwani ya mpokeaji iwe ya kitengo badala ya mfanyakazi mmoja, na saa ya vidhibiti vyote viwili ilinganishwe kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, ili siku ya tukio kumbukumbu za A, za B na za seva zisomeke kwa mfuatano mmoja.